Mkulima wa mfano asichaguliwe kwa sababu shamba lake liko barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo mimi mwenyewe nililifanya vibaya kwa miaka mingi nikiwa afisa ugani, na ambalo bado naliona likifanywa vilevile kila msimu. Jambo hilo ni namna tunavyomchagua mkulima wa mfano, yule anayepewa mbegu mpya, mbolea na mafunzo kwa matumaini kwamba jirani zake watamwiga.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Nikifika kijijini napita kwanza ofisi ya kijiji, mwenyekiti ananitajia majina mawili matatu, nami kimyakimya naongeza sharti langu kwamba shamba liwe kando ya barabara, ili wageni kutoka wilayani wakisome kibao bila kuchafua viatu. Katika kijiji kimoja mkoani Morogoro mkulima niliyempata kwa njia hiyo alivuna vizuri misimu mitatu mfululizo, lakini katika misimu hiyo yote sikuona jirani hata mmoja aliyepanda kwa mistari kama yeye. Nilipouliza sababu, mama mmoja alinijibu, "Bwana shamba, yule ana trekta na watoto wake wako mjini. Sisi hatuongei naye habari za kilimo." Jibu hilo sikulielewa sawasawa mpaka nilipostaafu na kupata muda wa kusoma.

Wataalamu wanayo nadharia ya mitandao ya kijamii, ingawa siku hizi ukitamka maneno hayo kila mtu anadhani unazungumzia WhatsApp na Instagram. Nadharia hii ni kongwe kuliko simu ya mkononi. Mwaka 1934 Jacob Moreno, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akifanya kazi New York, alichapisha michoro iliyoonyesha nani katika kundi anamchagua nani awe mwenzake, na mwaka 1954 mwanaanthropolojia John Barnes, aliyekuwa akichunguza jamii ya wavuvi na wakulima ya Bremnes nchini Norway, akalifanya neno "mtandao" kuwa chombo cha uchambuzi. Mvuvi wa kwetu angelielewa wazo hilo mara moja: watu ni mafundo, mahusiano yao ni nyuzi, na mchunguzi anautazama wavu mzima ulivyosukwa kabla ya kuuliza fundo hili lina mali kiasi gani au lina cheo gani.

Utafiti unaotajwa zaidi katika fani hii ni wa Mark Granovetter, wa mwaka 1973, uliofanywa karibu na Boston nchini Marekani. Aliwauliza watu waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra. Sababu yake ni kwamba rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa kusalimiana naye tu anatoka katika kundi lingine na anakuja na habari ambazo kwenu hazijafika.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotoka, na wafanyabiashara wa pembejeo wamo. Tunachukulia kwamba mbinu ya kilimo husambaa kama habari ya nafasi ya kazi. Habari husikika mara moja ikatosha, lakini kubadili namna ya kupanda ni kuhatarisha chakula cha mwaka mzima. Nchini Malawi watafiti wanne wakiongozwa na Lori Beaman walichora mitandao ya vijiji 200, kisha wakalinganisha wakulima waliochaguliwa na maafisa ugani kwa mazoea na wale waliochaguliwa kwa kufuata ramani ya mahusiano, ili wafundishwe kupanda kwenye mashimo yanayohifadhi maji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba wakulima wengi hawakubali mbinu mpya mpaka wajifunze kwa zaidi ya mtu mmoja. Kwa hiyo ule uungwana wetu wa kuchukua mkulima mmoja kila kitongoji, ili asinung'unike mtu, huenda ndio unaoua mbinu yenyewe, kwa sababu kila mwanakijiji anabaki na shahidi mmoja tu. Afadhali wafundishwe wawili ambao jirani zao ni walewale.

Najua nitaambiwa kwamba tajiri ndiye mwenye watu wengi. Ni kweli kwa kiasi fulani. Katika kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, chenye kaya 119, mwaka 2000 watu wazima wote waliulizwa nani wanaweza kumtegemea wakati wa shida na nani anawategemea wao, na Joachim De Weerdt alipochambua majibu aliona kwamba kaya maskini zina mahusiano machache kuliko zenye uwezo. Lakini aliona pia kwamba undugu, ukoo, dini, ujirani na kulingana kwa mali ndivyo vinavyoamua nani anaungana na nani, kwa hiyo tajiri anaweza kuwa na nyuzi nyingi ambazo zinaishia kwa matajiri wenzake. Isitoshe, mara nyingi mtu alimtaja mwenzake ilhali mwenzake hakumtaja yeye. Ikiwa wenyewe hawakubaliani juu ya uhusiano wao, afisa anayepita na pikipiki mara moja kwa mwezi atauonaje?

Ramani kamili ni ghali, na ina hatari yake. Tumeona wakopeshaji wa mtandaoni wakichota orodha ya namba katika simu ya mkopaji na kumwaibisha kwa shemeji zake. Hiyo nayo ni biashara inayotumia mtandao wa mahusiano, kwa ubaya. Orodha ya nani anamtegemea nani ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kuzilinda.

Ipo njia ya bei nafuu. Katika majimbo ya Karnataka na Haryana nchini India, Abhijit Banerjee na wenzake waliwauliza wanakijiji swali dogo: habari ikitakiwa kuenea, apewe nani kwanza? Waliotajwa waliieneza kuliko watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na huko Karnataka waliwashinda hata wazee wenye heshima. Kwetu ningebadilisha swali kidogo, kwa kuwa tunahitaji mashahidi wa shamba: mahindi yako yakipata ugonjwa, unakwenda kwa nani? Kaya kumi na tano kila kitongoji zinatosha kuanzia, ziulizwe faraghani, mwenyekiti asiwepo, kisha majina mawili yanayotajwa na watu walewale yapewe mbegu kabla ya mvua za masika, hata kama mashamba yao yako nyuma ya mlima.

Afisa ugani mstaafu,
Morogoro