Riba ya mwezi na sanduku la darasa

Ndugu Mhariri,

Mtoto anayemaliza darasa la saba ameshakokotoa riba mara nyingi: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Kiwango ni cha mwaka na muda ni miaka. Nje ya geti la shule mikopo inahesabiwa kwa mwezi, mingine kwa wiki, na kanuni aliyoikariri haimwoneshi hatari ilipo. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kijana mwenye simu hukutana nazo kabla hajapata hata kibarua cha kwanza.

Nawaomba walimu wa hisabati waandike swali hili ubaoni. Mtu amekopa 200,000 kwa miezi 5, riba asilimia 20 kwa mwezi, na kila mwezi anapunguza 40,000 ya deni lenyewe. Atarudisha jumla ya shilingi ngapi? Atakayejibu 240,000 ameona asilimia 20, hakuona neno "mwezi". Wachore jedwali: deni mwanzoni mwa mwezi, riba, malipo, deni linalobaki. Riba ikitozwa kwenye deni lililobaki inakuwa 40,000, kisha 32,000, 24,000, 16,000 na 8,000, jumla 120,000. Ikitozwa kila mwezi kwenye mkopo wa awali ni 40,000 mara tano, yaani 200,000, na mkopaji anarudisha mara mbili ya alichokopa. Mwezi wa mwisho anadaiwa 40,000 na riba yake ni 40,000. Mkopeshaji wa njia ya kwanza na wa njia ya pili wote walitamka "asilimia 20". Ongeza ada ya 20,000 inayokatwa kabla ya kukabidhiwa fedha, wahesabu upya. Kipindi kimoja kinatosha kwa hayo.

Kuweka akiba, kwa upande wake, hakufundishiki ubaoni. Kunataka fedha halisi, hata kama ni kidogo sana, na utaratibu wa vikundi vya akiba unafaa ukipunguzwa kulingana na umri. Watoto 20 hadi 25 kwa kikundi. Darasa kubwa ligawanywe. Hisa moja, yaani kipimo cha akiba, iwe shilingi 200, mwisho hisa tano kwa mtoto kwa wiki. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watoto watatu tofauti, na lenyewe likae ofisini kwa mtu asiye na ufunguo wowote. Kila hisa igongwe muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na nafasi zilizobaki wiki hiyo zipigwe mstari papo hapo, la sivyo mihuri itaongezeka baadaye. Fedha ihesabiwe kwa sauti, wote wakariri salio, na kikao kinachofuata kianze kwa kuwauliza salio hilo kabla sanduku halijafunguliwa.

Watoto 25 wakiweka wastani wa 600 kwa wiki 32 wanafikisha 480,000. Kiasi hicho hakifai kulala shuleni; kila salio linapovuka 50,000 lipelekwe benki, na risiti ibandikwe ukutani darasani.

Vikundi vya shule huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Kubwa ni mtu mzima kuazima fedha za sanduku "hadi mshahara". Hilo likatazwe kwa maandishi, mzazi mmoja akague vitabu kila mwezi. Nyingine ni kulazimisha kila mtoto achangie, au kubandika majina ya walioweka zaidi: asiye na kitu huona aibu, na mwingine huchokoa sarafu nyumbani. Wiki ya hisa sifuri iruhusiwe, naye aendelee kuhesabu na wenzake. Watoto wasikopeshane fedha za kikundi kabisa. Deni kati ya wanafunzi hugeuka ugomvi, na mwalimu hana njia halali ya kulidai.

Tarehe ya mgawo, yaani siku kila mtoto anaporudishiwa akiba yake, nayo ipangwe. Ikiwa mwezi Desemba bila mpango, fedha huishia kwenye sikukuu, wakati madaftari na viatu vinahitajika Januari. Mtoto aandike mahitaji yake mapema na mzazi awepo siku ya kugawana. Darasa la saba wafunge hesabu zao mwezi Agosti, kabla ya mtihani wa Septemba, maana baada ya hapo hawarudi shuleni na fedha hubaki bila mwenyewe.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro