Kumbe mchawi wa maboga ni mimi

Kimara, Dar es Salaam
18 Mei

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi wazima, ila mvua inatutesa. Njia yetu ni utelezi mtupu, bajaji hazitaki kushuka.

Zile mbegu za maboga ulizonifungia kwenye gazeti nilipotoka Tanga zimetambaa hadi ukutani. Lakini nikupe kisa. Wiki tatu nzima viboga vya ukubwa wa ndimu vinageuka njano, vinalainika, vinadondoka. Nikamshuku jirani, maana kila akipita lazima aseme, "Mwenzetu una shamba." Nikajua tu, kijicho hicho.

Kumbe kila asubuhi, umande haujakauka, mimi nachuma majani na maua nikapike kwa nazi, tena nachagua maua yenye vikonyo virefu kwa vile "hayana boga". Binti yangu, yuko kidato cha tatu, akacheka: "Mama, hayo ndiyo madume!" Mmea mmoja, maua aina mbili. Jike limekalia kiboga chake tangu likiwa kitumba. Dume lina kama kidole katikati, kimejaa unga wa njano, ndiyo chavua. Jike lisipoupata, kiboga chake kinadondoka. Unga wenyewe mzito, unanata, upepo hauuwezi. Ni kazi ya nyuki, na nyuki mvua ikinyesha hatoki.

Basi nimekuwa nyuki. Saa kumi na mbili na nusu nimeshajitanda kanga niko nje. Nachuma dume lililofunguka, nabandua petali zote, kile kidole nakipaka kwenye vifundo vya katikati ya jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Ukisubiri saa tano umekosa. Ua limejifunga na halifunguki tena.

Lililonishangaza ni hili: chembe ya chavua ikinasa pale juu huota kijirija chembamba sana, kikashuka ndani ya ua hadi kwenye ovari, yaani kile kiboga, kutafuta ovuli, kijiyai kinachogeuka mbegu. Mbegu moja, chembe moja. Boga lenye mbegu 300, hesabu mwenyewe! Na upande uliokosa unga haunenepi. Boga langu la kwanza nililipaka harakaharaka, sufuria iko jikoni, limetoka kombo kama mto ulioshindiliwa sufi upande mmoja.

Sasa manne yameshika. Madume bado tunayala, ila mchana, yakishamaliza kazi. Jirani nimempelekea bakuli, sikumwambia nilichomdhania.

Jike moja nililifunga uzi jioni kabla halijafunguka, na dume lake pia. Asubuhi nikayafungua, nikapaka, nikalifunga tena jike, nyuki asije akaniletea unga wa maboga ya watu. Hilo halipikwi. Likikomaa nakurudishia mbegu zako, zilezile za Tanga.

Wako,
Rehema