Barua ya wazi: Iwekeeni mtu ile namba

Kwako Mheshimiwa uliyekabidhiwa familia za askari wetu wa Tanzania walioko Kongo,

Shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini nilishafika, nikaandika jina kwenye daftari la wageni, nikaambiwa nitapigiwa. Mpaka leo sijapigiwa.

Wiki iliyopita, usiku, jirani alinitumia ujumbe: "Pole sana dada, Mungu akutie nguvu." Kabla sijajibu akaufuta. Nikampigia, hapokei. Nikaingia kwenye magrupu, nikakuta picha ya askari amelala kifudifudi kwenye matope. Nikaikuza mpaka ikawa ukungu, natafuta kovu la mume wangu kwenye mkono wa kushoto, mama mkwe pembeni ananiuliza, "Ni yeye?" Ile namba mliyotugawia siku ya kuwaaga iliita mpaka ikakatika. Kulipokucha ndipo tukajua kuwa picha ni ya zamani, tena askari mwenyewe si wa kwetu. Usiku mzima, Mheshimiwa!

Mambo ya doria nayaelewa. Mume wangu alishaniambia kuwa wakiingia msituni simu zinabaki kambini. Nadhani ni kwa kuogopa adui asiwafuatilie. Wanatembea kwa miguu na mizigo mgongoni, mvua inawanyeshea, soksi hazikauki. Hilo silalamikii, niliolewa na askari nikijua. Kinachoniumiza ni kimya cha huku nyumbani, kwenye mtandao, umeme na ofisi yenye watu.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko Beni, ilivamiwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Januari 2025, kwenye mapigano ya Sake na Goma, tukapoteza wengine wawili. Kwa hiyo msituambie tunajitia hofu. Tuna majirani waliozika.

Siku ile ya kuwaaga, uwanjani, ulituahidi kwamba familia ya askari ni familia ya jeshi, na kwamba hakuna taarifa itakayotufikia kutoka mtaani kabla haijatoka kwenu. Nilikuwa mstari wa mbele, mwanangu mgongoni. Nilikuamini kabisa.

Siombi arudishwe kabla ya muda wake. Siombi posho, ingawa nayo imechelewa na watoto wanadaiwa michango shuleni. Siombi kuambiwa yuko wapi, najua hizo ni siri za kazi. Naomba mtu. Askari mmoja wa zamu mwenye orodha mbele yake, nikipiga saa nane za usiku apokee, aniambie, "Mama, hatuna taarifa mbaya ya kikosi chake." Hayo tu yanatosha, nitalala. Na likitokea la kutokea, basi nilisikie kutoka kwake, nisilisikie kwa jirani.

Nimeipiga tena leo mchana, ikaita tu. Nakuomba Mheshimiwa, iwekeeni mtu ile namba. Usiku huu nitapiga tena.

Mke wa askari