Kutoka ufuoni hadi ukutani: picha za kutuletea na za kuacha kwenye simu

Kila Januari simu za wateja wetu huwa zimejaa bahari. Wametoka Diani, Watamu au Mombasa mjini kwa likizo ya Desemba, wamerudi Kisumu na Kakamega mchanga ukiwa bado kwenye mikoba, na wakipita dukani ombi ni lile lile: "Nataka hii picha, lakini iwe ya kitambaa, niitundike juu ya kochi." Picha nazo hufanana. Mnazi pembeni, mchanga chini, maji katikati, mbingu juu. Ukiishona ilivyo, kipande cheupe, kingine cha buluu iliyokolea, kingine cha buluu iliyopauka, unapata bendera ya nchi asiyoijua mtu.

Tunaandika haya ili ujue kwa nini mara nyingi tunakurudishia picha ya kwanza na kuomba nyingine, na ujue la kutuletea ukitaka kazi ya ukutani, foronya za mito ya kochi au mfarishi wenye sura ya maji.

Kinachovutia kwenye picha ya ufuo ni mng'aro na umbali, na kitambaa hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kitambaa kina mambo yake: ukingo, mshono, mkunjo, fundo, nyuzi zinazopishana. Kwa hiyo sisi hutafuta sehemu ya ufuo ambayo tayari ina vitu hivyo, na karibu kila mara iko chini, karibu na miguu yako. Swali letu la kwanza kwako litakuwa hili: pale uliposimama, ukiinama unaona nini?

Pwani, wakati mzuri wa kuinama ni maji yakikupwa, hasa siku za bamvua. Hizo ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kukupwa sana, mwamba wa matumbawe ukabaki wazi na vidimbwi vyake. Katikati ya bamvua mbili kuna siku za maji mafu, ambazo hutaona mengi. Muulize mvuvi yeyote saa za kupwa, atakuambia bila kutazama popote.

Kwenye mchanga ulioachwa na maji muda si mrefu, tafuta vitobo vya kaa wadogo. Kila kitobo kimezungukwa na vijidonge vya mchanga vilivyopangika kwa mistari inayotoka katikati kwenda nje. Kaa huyo hutoka shimoni, huchuja chakula kilichomo mchangani, kisha mchanga uliobaki huuviringa na kuuacha nyuma yake. Anakwenda hivyo, anarudi shimoni, anaanza mstari mwingine. Maji yakijaa yote yanafutika.

Picha ya namna hiyo, iliyopigwa kutoka juu simu ikiwa imelala sambamba na mchanga, ndiyo tunayoitamani. Kila kidonge ni fundo moja la uzi. Fundi wetu wa kudarizi huchukua pamba ya rangi ya maziwa na uzi wa kahawia hafifu, akaanzia kwenye tundu. Uzi wa kudarizi unaouzwa madukani una nyuzi sita ndogo zinazoachanishika, basi mafundo ya karibu na tundu huyafunga kwa nyuzi tatu, yanayofuata kwa mbili, ya mwisho kwa moja. Jicho likitembea kutoka katikati linaona vidonge vikipungua. Hakuna kilichochorwa, hakuna rangi iliyopakwa, na bado mgeni akiingia sebuleni huuliza kama pale ni Malindi.

Mikunjo ya mchanga, ile mistari midogo inayoachwa na maji, tunaipata kwa kufunga na kutia rangi. Tunazungusha kitambaa kwenye bomba la plastiki la maji, tunakikaza kwa uzi toka mwanzo hadi mwisho, tunakisukuma upande mmoja kijikunje, ndipo tunamwaga rangi. Ni mbinu ya Kijapani, wao huiita arashi, na bomba la duka la vifaa vya ujenzi linaifaa kabisa. Kitambaa kikifunguliwa, hakuna mistari miwili inayofanana. Ukitaka inayofanana, nunua kitambaa cha kuchapishwa. Ni rahisi zaidi na hatutakuzuia.

Sasa rangi, maana hapa ndipo tunapobishana na wateja wengi. Watu huja wakitaka "ile buluu ya Diani" na wengine wamekwisha nunua kitambaa cha buluu hiyo sokoni Kibuye. Lakini rangi ile si ya maji peke yake. Maji hufyonza wekundu wa mwanga, na pale Diani yana kina kifupi juu ya mchanga mweupe unaotokana na matumbawe, kwa hiyo unachokiona ni weupe wa chini uliopita kwenye maji ukarudi. Kitambaa kilichotiwa buluu nzito mara moja hakiwezi kukupa hivyo. Sisi huanza na pamba nyeupe, tukaitia rangi nyepesi, ikakauka, tukaitia tena sehemu tu, na tena, hadi weupe uwe unachungulia kutoka chini. Rangi tunazotumia hushikana na pamba kwa msaada wa soda inayotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi. Kwa kitambaa chenye mchanganyiko mkubwa wa poliesta haifui dafu, kwa hiyo usituletee shuka la poliesta ukitarajia bahari.

Povu la ukingoni tunalipata kwa nta. Nta ya mshumaa ikipoa huwa ngumu na kupasuka, rangi ikaingia kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba. Nta ya nyuki hunyumbuka na kulinda weupe. Tunazichanganya kulingana na povu unalotaka, la wimbi lililovunjika au la maji yanayojivuta polepole. Kwenye hariri kuna njia nyingine ambayo watoto wa wateja hupenda kuitazama: unanyunyiza chumvi ya mawe juu ya rangi ikingali mbichi, kila punje inavuta maji na rangi kuelekea kwake, na inapokauka inabaki alama kama nyota. Bei ya hariri, hata hivyo, hatuifichi. Iko juu.

Kuna wanaotuuliza kama mtu wa Kisumu ambaye hajafika pwani ana haja gani na haya yote. Ziwa Victoria tunalo. Tena kwa mtu wa nyuzi, sisi tunaona ziwa lina mengi kuliko hoteli za ufuoni, na si kwa sababu tunaishi hapa. Tofauti ya kwanza ni mwanga. Pwani jua huchomoza baharini, kwa hiyo picha nzuri za asubuhi zina maji yaliyopauka na kivuli kirefu kinachokujia. Kisumu tuko kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, jua huzama upande wa maji, na kuanzia saa kumi na moja jioni maji yale ya kijani na udongo hugeuka shaba. Ukitaka kazi yenye rangi za kahawia, machungwa iliyofifia na zambarau, usipande ndege. Panda boda mpaka ufuo wa Dunga.

Ukifika Dunga asubuhi, angalia omena, dagaa wa ziwani, zinavyoanikwa. Zimetandazwa kwenye nyavu nyeusi chini, maelfu kwa maelfu, fedha juu ya weusi, nyingine zimelala kichwa huku, nyingine mkia huku, na mahali zilipogeuzwa kwa mkono kuna tao la mviringo. Kwa kudarizi ni mishono mifupi iliyonyooka, yenye uzi wa kijivu na wa fedha vikichanganywa, juu ya kitambaa cheusi. Siri iko kwenye yale matao ya mkono; ukiyakosa, inabaki mvua ya sindano tu. Kabla ya kupiga picha, salimia. "Habari ya asubuhi, mama, naomba nipige picha omena zako" inatosha, na ukinunua gorogoro moja hakuna atakayekuona mdadisi.

Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa omena. Wavuvi huwasha taa juu ya maji ili samaki wavutiwe na mwanga, na ukiwa nchi kavu unaona mji mzima unaoelea. Kazi hii ndiyo rahisi kuliko zote tunazofanya: kitambaa cheusi, mafundo ya uzi wa manjano kwa mstari usionyooka, na chini ya kila fundo mshono mmoja mrefu wa rangi hafifu, ndiyo taa inavyojitazama majini. Anayejifunza kushona aanze na hii.

Gugu maji nalo lina la kumpa mshonaji, pamoja na kero zake zote tangu lilipoenea ziwani miaka ya 1990. Ua lake lina petali sita za zambarau hafifu. Ile ya juu ina doa la manjano, na doa limezungukwa na buluu iliyokolea. Rangi hizo tatu ukiziweka pamoja kwenye foronya ya mto, chumba kinaamka. Shina lake likikaushwa vizuri husukwa vikapu na viti hapa hapa Kisumu, nasi hulitumia kama pindo zito la kazi ya ukutani. Lisipokauka sawasawa huota ukungu, basi msimu wa mvua za masika hatuchukui maagizo ya aina hiyo.

Kuna jambo moja linalounganisha pwani na ziwa ambalo tunalipenda kuliko yote: vyombo vya kushonwa. Pwani ya Lamu ilikuwa na mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Huku Ziwa Victoria, mitumbwi ya Waganda nayo ilishonwa mbao kwa mbao kwa nyuzi za mimea. Hivyo mteja akisema anataka "kitu cha maji" lakini hajui nini, sisi humpendekezea mshono wenyewe: vipande viwili vya kitambaa, cha buluu ya pwani na cha kahawia ya ziwa, vikiunganishwa kwa kamba nene inayoonekana, tundu kwa tundu, kama mbao za mtumbwi. Mshono ambao fundi wa nguo huuficha ndani, hapa ndio kazi yenyewe. Tumeshona za namna hii kwa maharusi ambao mmoja ni wa Kilifi na mwingine wa Siaya, na sebuleni kwao haihitaji maelezo.

Leso pia huletwa sana, na hapo tuna msimamo. Leso ina mpango wake: pindo linalozunguka pande zote, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maandishi ya chini. Ukituletea doti nzima tukufanyie kazi ya ukutani, tutatumia pindo kama ukingo wa maji na mji kama nchi kavu, na jina halikatwi. Wapo wanaotaka tulikate lile neno ili picha "ikae vizuri". Tafuta fundi mwingine kwa hilo. Zile zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, tunaomba tuzione kabla hujaamua chochote, hasa kama ni za bibi yako. Leso mpya huchuja rangi ikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo ifue peke yake kabla ya kutuletea.

Usituletee makombe wala matumbawe. Kwenye hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, kuokota na kuondoka navyo ni kosa, na hata nje ya hifadhi kombe tupu ni nyumba ya kaa anayehama. Isitoshe, ncha za kombe hukata uzi. Piga picha, tutakushonea. Vipande vya mbao na kamba zilizotupwa na mawimbi tunapokea, ila viloweke kwanza kwenye maji baridi, ubadilishe maji mara kadhaa. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu hewani, pini zikaota kutu, na kutu ikaingia kitambaani. Nyavu kuukuu za ziwani zinakaribishwa zikiwa zimefuliwa kwa sabuni. Ukipiga pasi kazi yenye wavu wa nailoni, weka kitambaa kizito juu na moto uwe mdogo, la sivyo utabaki na gundi.

Wateja wa Nakuru hutuomba heroe, kila mara heroe. Tunashona. Lakini ukirudi kule ziwani tazama pia ile miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipopanda. Mistari yake wima na vivuli vyake vinashonwa vizuri kuliko ndege yeyote mwenye miguu myembamba.

Ukija kuagiza, tuletee picha chache ulizopiga kwa kuinama, vipimo vya ukuta kwa sentimita, na utuambie dirisha linatazama wapi. Ukuta unaopigwa na jua la jioni hupausha rangi haraka, na kwa ukuta huo tutakushauri nyuzi za rangi asilia ya pamba, viraka na mishono mizito, tuache buluu. Malipo ni nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kuchukua. Kazi za nta na rangi zinachukua muda mrefu kuliko za kudarizi tupu kwa sababu kila tabaka lazima likauke, na Aprili hukauka inavyotaka yenyewe. Anayetaka zawadi ya Krismasi aje kabla Septemba haijaisha.