Si kila mzee anayesahau ana Alzheimer

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wazee wanaopotewa na akili niliisoma hadi mwisho kwa uchungu. Mwandishi aliwaweka wote chini ya jina moja la Alzheimer, kisha akafunga kwa kusema kuwa hayo ndiyo mambo ya uzee. Nilimuuguza marehemu baba yangu kwa miaka sita, na jina hilo moja nililiona likimlaza kitandani.

Baba alikuwa fundi saa. Kwa miaka 41 alifungua saa za mkononi, kibano kidoleni na lenzi jichoni. Siku daktari alipompa karatasi achore uso wa saa na mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi, alizirundika namba zote upande mmoja wa duara. Akaitazama ile karatasi, akaigeuza upande wa pili, akamrudishia daktari bila kusema neno. Nilitoka nje nikalia.

Lakini kumbukumbu alikuwa nayo. Aliweza kukwambia nani alimletea saa gani na iliharibika nini. Kilichomsumbua ni maruweruwe: kila jioni aliona watoto watatu wamekaa kimya pembeni ya kitanda, akaniomba niwafunike wasipigwe na baridi. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa ameanza kuweweseka usiku, akirusha ngumi na mateke usingizini, hata mama akahamia chumba kingine. Wakati huohuo pua nayo ilikufa. Mafuta ya taa aliyosafishia vipuri hakuyanusa tena. Hakuna kati yetu aliyeviunganisha vitu hivyo.

Daktari wa kwanza aliandika Alzheimer. Tulipomweleza habari za wale watoto, akampa haloperidoli, dawa ya kutuliza wanaoona yasiyokuwapo. Siku ya pili baba alikakamaa kama ubao. Akashindwa kumeza, akashindwa kugeuka. Wiki tatu zikapita hivyo, hadi daktari mwingine alipoiachisha dawa ile na kutuambia kuwa dalili zote zinaelekeza kwenye dimensia ya vibonge vya Lewy, yaani kupotewa na akili kunakoendana na vibonge vinavyojijenga ndani ya seli za ubongo, na kwamba wagonjwa wa aina hii wanaweza kudhurika vibaya mno, hata kufa, kwa dawa za kundi hilo. Baba alirudi kuongea, ila hakuwahi tena kutembea bila kushikwa.

Tangu siku hiyo nilianza kusoma. Vibonge hivyo viliandikwa mara ya kwanza mwaka 1912 na Friedrich Lewy, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Alois Alzheimer mwenyewe kule Munich. Ilipita miaka 85 kabla ya kujulikana vimetengenezwa na nini. Mwaka 1997 ikabainika kuwa ni protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo kila mmoja wetu anayo. Ni mnyororo wa asidi amino 140, na makao yake ni kwenye ncha za neva, pale seli moja inapoipa nyingine ujumbe. Ikiwa na afya hulegea kama uzi. Ikiharibika hujikunja isivyopaswa, ikawa bapa, nyuzi zikapangana moja juu ya nyingine na kushikamana hadi seli haiwezi tena kuzivunja.

Baba alipenda kunionyesha jinsi springi moja iliyopinda inavyoisimamisha saa nzima. Nilipoelewa ugonjwa wake niliona mfano huo haufiki. Springi iliyopinda haiipindi iliyo jirani yake, lakini protini iliyojikunja vibaya ikigusana na nzima ya aina yake, huivuta nayo ijikunje vilevile. Mwaka 2008 watafiti walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa ambao nao huwa na vibonge vya Lewy. Zaidi ya miaka kumi kabla ya kufa, marehemu hao walipandikizwa seli changa ubongoni. Seli hizo zilitoka kwa vijusi, hazikuwa na ugonjwa wowote. Baadhi zilikutwa na vibonge vya Lewy ndani yake. Habari hiyo ilininyima usingizi.

Umri una nafasi yake hapa, sikatai. Seli ina protini za kuzisaidia nyingine zijikunje sawasawa, ina na mitambo ya kusaga zilizoharibika, na kazi hiyo hudhoofika kadiri miaka inavyosonga. Tena seli nyingi za neva hazigawanyiki. Takataka ikishajaa haina wa kugawana naye. Lakini kudhoofika si ugonjwa, na wapo wanaofika miaka 90 na akili zao timamu.

Katika Alzheimer wahusika ni wengine: amiloidi beta inayorundikana nje ya seli, na tau inayojisokota ndani. Huntington, ugonjwa mwingine wa ubongo, ina protini yake, nao ugonjwa unaoua neva za misuli mara nyingi huwa na nyingine iitwayo TDP-43. Kweli, ubongo mmoja unaweza kubeba aina mbili au tatu kwa pamoja, na wapo waliokufa na akili zao huku ubongo wao umejaa amiloidi, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana ni kitu gani hasa kinachoua seli. Wengi siku hizi wanavishuku vijibonge vidogo vya mwanzo kuliko yale mabonge makubwa yanayoonekana kwa hadubini. Hata hivyo dawa zinafuata protini. Lekanemabu, iliyopewa idhini kamili Marekani mwaka 2023, hushika amiloidi. Hupunguza kasi ya Alzheimer changa, hairudishi kilichopotea, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuufanya uvuje damu. Mwandishi wenu ameitaja kuwa dawa ya wazee wanaosahau. Watoto wa mgonjwa kama baba yangu wakiisoma sentensi hiyo, watauza walichonacho kuitafuta.

Na jambo moja makala haikuligusa. Ndugu yetu mmoja alisikia kwamba protini hizi huambukizana, akawakataza wanawe kunywa kikombe kimoja na babu yao. Kuambukizana huko ni kwa protini na protini, ndani ya ubongo wa mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kupata dimensia ya Lewy kwa kumlisha mgonjwa, kumwogesha au kumbusu. Baba aliona wajukuu wamewekwa mbali naye, na hilo alilielewa vizuri kabisa.

Naomba mchapishe masahihisho, na ndani yake muweke maneno haya: mgonjwa anayeona watu wasiokuwapo, anayepiga mateke usingizini, aliyeanza kukakamaa au kutetemeka, jamaa zake wamweleze daktari yote hayo, na waulize kuhusu vibonge vya Lewy kabla hajapewa dawa ya kutuliza maruweruwe. Sisi hatukujua kwamba kuna swali la kuuliza.

Wako,
Binti wa fundi saa