Maji niliyoyapandisha Barafu yanaoshea pikipiki Moshi

Mhariri,

Naomba nafasi niuzungumzie Mto Karanga. Nilikuwa mpagazi njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro, miaka 11. Aliyebeba mizigo njia ile anajua kwamba bonde la Karanga, karibu mita 4,000 juu, ndilo la mwisho kuchota maji. Kambi ya Barafu, mita 4,673, haina hata tone. Tulishuka bondeni, tukajaza madumu, tukapanda nayo saa baada ya saa. Ukiyamwaga njiani, huna la kumwambia mpishi.

Kule juu Karanga ni kijito cha kuruka. Ukishuka kidogo unakuta ardhi kama godoro lililolowa. Ukikanyaga, maji yanakuingia kwenye buti. Kisha miti mifupi yenye ndevu za kijivu. Ukungu ukipita unanaswa kwenye ndevu zile, nazo zinadondosha matone mchana kutwa, mvua hakuna. Oktoba 2022, moto ulipowaka karibu na kambi ya Karanga, sikulala. Miti ile ikiungua, nani atatunasia ukungu?

Mto unashuka msituni, unapita Kibosho, ambako babu yangu alichimba mfongo, mfereji wa kumwagilia, na wenzake. Asiyejitokeza siku ya kusafisha alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, awe mkubwa awe mdogo.

Halafu unafika mjini. Jumapili iliyopita nilihesabu pikipiki tisa zimesimama ndani ya maji, vijana wanazisugua kwa sabuni ya unga, oili inaelea juu. Hatua chache chini yake mama mmoja anachota maji ya kumwagilia mchicha. Na maji hayo hayo ndiyo yanayokwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa perege tunaowanunua.

Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Sitaki vijana wale wafukuzwe, ni watoto wetu na wanatafuta riziki. Nawaomba viongozi wa mitaa inayopakana na mto watafute kiwanja mbali na ukingo, chenye bomba na shimo la kunasia oili, vijana wahamie hapo. Shimo nitachimba mimi. Sururu ninayo, na wapagazi wenzangu wanne wameshakubali kuja Jumamosi yoyote tutakayoitwa.

Mpagazi mstaafu,
Moshi