Vijana wa Lamu, rekodini watu wenu kama alivofanya Bergman

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hizi video za Lamu zinazojaa kwenye simu zetu. Kila siku utaona droni juu ya Shela, punda, jahazi limetweka tanga jua linazama, wametia na muziki, basi imeisha. Nahodha anaonekana mgongo tu na hasemi neno. Zinapendeza, na wageni wanakuja sababu ya hizo, lakini watu wa hapa hawamo.

Ndo maana nataka vijana wanaoshika kamera wamjue Ingmar Bergman, mwongozaji wa filamu wa Uswidi aliyefariki 2007 akiwa na miaka 89. Duniani anatajwa zaidi kwa ile filamu ya 1957 ya askari anayecheza sataranji na Mauti wakati tauni inamaliza watu, na kwa Fanny och Alexander ya 1982 iliyochukua Oscar 4. Baba yake alikuwa kasisi wa Kilutheri, nyumba ya adhabu na kuogopa dhambi, na yale maswali ya kwa nini Mungu anyamaze mja akimuita aliyatia kwenye filamu miaka na miaka. Hizo ni kazi kubwa, sibishi. Lakini mimi kinachonigusa ni aliyoyafanya kisiwani.

Mwaka 1960 alikuwa anatafuta kisiwa cha kupigia filamu, moyo wake uko Orkney kule Scotland, wenye pesa wakaona gharama itakuwa kubwa wakamwambia hebu kaangalie kwanza Fårö, hapo hapo Uswidi, kisiwa kidogo kwenye bahari ya Baltiki, mawe, upepo, kondoo, wavuvi, na kuvuka mpaka upande feri. Alipofika hakutaka tena pengine. Ile filamu akaipigia huko na ikapata Oscar, akarudi na Persona ya 1966, akajenga nyumba, akaishi, akafia huko huko na kaburi lake liko kanisani kwao.

Kuna na ile ya 1968, mume na mke wapiga muziki wanaishi kisiwani wameyakimbia ya dunia, vita vinawafuata mpaka mlangoni. Sisi tuliowekewa kafyu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014, wavuvi wakakatazwa kuingia baharini usiku, hiyo filamu hatuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Sasa sikizeni hili. Mwaka 1969, jina lake tayari kubwa duniani, alichukua kamera akaenda kwa majirani zake, wakulima na wavuvi wa Fårö, akakaa nao akawauliza maisha yao yakoje na kisiwa kinakosa nini. Mpiga picha alikuwa Sven Nykvist, yule yule wa filamu zake kubwa na ambaye baadae alipata Oscar 2, yani fundi wa juu kabisa alipelekwa kumpiga picha mfuga kondoo. Vijana wa shule wakaulizwa, mtabaki hapa au mtaondoka? Na hakuishia hapo, baada ya miaka 10 akatengeneza filamu nyingine ya kisiwa hicho hicho, akawatafuta wale vijana, sasa ni watu wazima, akawauliza tena. Filamu zote mbili zilionyeshwa kwenye televisheni ya nchi, kwa hiyo waliokuwa Stockholm wakamsikia mtu wa Fårö kwa sauti yake mwenyewe.

Hapo pa kurudi baada ya miaka 10 ndipo moyo wangu ulipo. Sisi gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Magazeti yaliandika, vizuri, tukasoma. Lakini nani alikaa na mvuvi mmoja akamrekodi anavua wapi, kwa chombo gani, samaki anapeleka wapi, mwanawe anataka awe nani? Na 2028 ikifika nani atamrudia amuulize yamekwendaje? Matondoni mafundi wa majahazi wanazeeka na vijana wao wanashika bodaboda na kazi za Mombasa, mwaulizeni huyo kijana sasa hivi, mumuulize tena akishaoa na kuzaa.

Simsifu kwa kila kitu. Aliingia kwenye ndoa 5, watoto 9, na kazi ilimchukua kuliko nyumba. Mwaka 1976 polisi walimtoa kwenye mazoezi ya tamthilia kwa mambo ya kodi, kesi ikaja kufutwa, lakini ilimvunja sana akahamia Munich miaka kadhaa, ile filamu ya pili ya kisiwa aliitengeneza wakati huo huo ambao nchi yake imemuudhi. Majirani hakuwasusa.

Ombi langu kwa wanaosimamia Ngome yetu ya Lamu, hizo filamu mbili za watu wa Fårö zitafutwe kwa njia halali na ziekewe maandishi ya Kiswahili, zionyeshwe pale usiku mmoja bila kiingilio, wavuvi waalikwe na kina mama wasuka mikeka wa Kipungani pia, sio wageni wa mahoteli peke yao. Na kwako Mhariri, toeni nafasi hata nusu ukurasa kwa mwezi, vijana wa Lamu, Pate na Kiunga walete picha na maneno ya mtu mmoja mmoja waliyemrekodi kwa idhini yake, waandike jina lake, kazi yake, mtaa wake na tarehe, ili atakayekuja baada ya miaka 10 ajue amtafute wapi.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu